Benchi la Jumatano

Benchi lenyewe halina kosa.
Mbao za mfenesi, misumari minane,
mguu mmoja umetiliwa kigae lisiyumbe.
Kosa ni pale lilipowekwa:
ubavuni mwa hospitali, Wete, linatazama barabara,
na ng'ambo ya barabara ni duka la Faki,
shemegi yangu wa zamani,
anayepima sukari kwa kilo
na watu kwa siku za wiki.

Ukikaa Jumatatu, una homa.
Ukikaa Alhamisi, una mtoto wa kupimwa uzito.
Ukikaa Jumatano huna la kueleza,
umeshaelezwa.

Basi mie huenda Mkoani.
Nauli, kwenda na kurudi,
ni karafuu za kuchambua usiku kucha, mara tatu,
vidole vyeusi, kucha zinanuka mpaka kwenye wali.
Dawa ni bure. Wameandika ukutani, kwa rangi ya kijani.
Sijaona bado palipoandikwa
kwamba njia ya kuifuata ni bure.

Siku ya kwanza dirishani wakaniuliza jina.
Nikasema, Mgeni.
Wakaandika Mgeni.
Sikuona kama nimesema uongo.

Kopo la vidonge lina mdomo.
Ukitembea linasema, ukikimbia linapiga kelele,
kayamba la harusi usiyoalikwa.
Nimelishindilia pamba.
Sasa limenyamaza kama mie
siku niliyopewa talaka na godoro likachomwa uani,
godoro zima, la sufi,
na jirani akauliza moshi wa nini,
wakamwambia: kunguni.

Siku hizi kikapuni nabeba makopo manne, chini ya makonyo.

Moja la Riziki, wa nyumba za wageni, Chake.
Aliwahi kwenda mwenyewe. Akaulizwa mbele ya foleni
wanaume wangapi, kwa wiki au kwa usiku?
Foleni ikacheka. Naye akacheka, ndiyo kazi yake, kucheka.
Hakurudi mwaka mzima.
Aliporudi alikuwa na shingo ya kuku.

La pili la Mbwana, aliyeletwa kutoka Unguja
na mikono iliyotobolewatobolewa.
Sindano kaiacha, mwezi wa tisa huu.
Mamake anampenda, anampikia, anamwombea,
na kikombe chake kakifunga uzi mwekundu.
Mbwana hunywa chai akiuzungusha ule uzi
uwe upande wa ukuta.

La tatu langu.

La nne mwenyewe simtaji.
Huja usiku, mlango wa uani, hakohoi, habishi hodi.
Hunilipia nauli nzima
na juu yake sukari, kilo moja,
iliyopimwa ikazidi.
Kukicha tukionana barabarani
hunitazama kama mtu anayehesabu siku.

Jumatano iliyopita gari ya Mkoani ilisimama pale
dereva ananunua vocha.
Kwenye benchi, peke yake, binti wa skuli,
buibui limepinda, vumbi miguuni,
anakula embe mbichi kwa chumvi na pilipili
na kokwa anaitafuna kwa sauti.
Hakujifunika uso.
Faki alikuwa na kijiko cha sukari mkononi.
Kikasita juu ya mizani,
punje zikaanguka, moja moja, juu ya kaunta,
na mteja akasema, Faki, vipi?
Faki hakusema kitu.

Nilishuka? Sikushuka.
Nauli nilikwisha toa, na makopo ya watu yananingoja,
na woga nao ni abiria, una kiti chake.

Lakini yule binti aliinua macho dirishani,
akanitazama mie, kikapu, makonyo,
akafuta chumvi midomoni
kisha akajisogeza, taratibu, mpaka mwisho wa ubao.

Miaka sita nalikimbia benchi lile.
Sikuwahi kujua kuwa ni refu kiasi hicho.